Kusimamisha Mlingoti wa Mei: Safari ya Yorkshire Wakati Mfalme Charles III Akivikwa Taji

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea Tanga, kutokana na daftari nililokuwa nikilijaza kila usiku na picha zilizobaki kwenye simu. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi katika jiji la Leeds, na mwezi wa Februari 2023 alinieleza kwamba mwenzake wa kazini anatoka katika kijiji ambacho wakazi wake walikuwa wakijiandaa kusimamisha mlingoti mpya wa Mei kwa heshima ya kutawazwa kwa Mfalme Charles III. Mlingoti wa Mei ni nguzo ndefu inayosimama katika uwanja wa kijiji, hupambwa kwa mashada na watu hucheza wakiizunguka mwanzoni mwa majira ya joto. Nimekulia kando ya bahari, mahali ambapo mlingoti wa jahazi husimamishwa kwa mikono na kamba, kwa hiyo nilitamani kuona watu wa bara la mbali wakiifanya kazi hiyo hiyo juu ya nchi kavu.

Wenyeji waliniomba nisilitaje jina la kijiji chao, kwa sababu barabara yake ni nyembamba na hakina mahali pa kuegesha magari ya wageni wengi. Nimelitunza ombi hilo. Itoshe kusema kwamba kiko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka Leeds.

Kwa anayepanga safari kama hii: viza ya mgeni ya miezi sita niliilipia pauni 100, na maombi yanafaa kuanza mapema, kwani jibu huchukua wiki tatu hivi hata mambo yakienda vizuri. Chukua viatu vinavyohimili matope. Mei ya huko si Mei ya kwetu, lakini mvua yake nayo haina huruma.

Ijumaa, 5 Mei: London

Ndege ilitua alfajiri, na kwa kuwa treni yangu ya kaskazini ilikuwa ya kesho yake jioni, niliamua kuitumia nafasi hiyo kutafuta mahali ambapo milingoti mikubwa ya London ilisimama zamani. Ndani ya jiji hulazimiki kununua kadi maalumu ya usafiri; kadi ya benki inayolipa kwa kugusa inakubalika kwenye mabasi na treni za chini ya ardhi, ila ulizia kwanza benki yako inakata kiasi gani kwa malipo ya nje ya nchi.

Nilianzia kanisa la St Andrew Undershaft, lililobanwa katikati ya majengo ya vioo ya wenye fedha. Hapo palikuwa na mlingoti uliosimamishwa kila Mei Mosi, mrefu kuupita mnara wa kanisa. Mwaka 1517 siku hiyo iligeuka kuwa ya ghasia, vijana wa mafundi wakawavamia wageni waliokuwa wakiishi na kufanya kazi jijini, na baada ya hapo mlingoti haukusimamishwa tena. Ulitundikwa ubavuni mwa nyumba za jirani hadi mwaka 1549, mhubiri mmoja alipoutangaza kuwa ni sanamu ya kuabudiwa, nao watu wakaukata vipandevipande na kuuchoma. Nilisimama hapo kwa muda, nikiwa mgeni mwenyewe, nikifikiri jinsi sherehe ileile inavyoweza kumkaribisha mtu au kumfukuza, kutegemea na walioishika.

Kutoka hapo nilipanda basi hadi mtaa wa Strand, mbele ya kanisa la St Mary le Strand, ambako magari hayapiti tena na watu hukaa kwenye mabenchi. Mlingoti wa zamani wa eneo hili uliondolewa baada ya Bunge, mwaka 1644, kuamuru milingoti yote ya Mei iangushwe nchini kwa kuhesabiwa kuwa ni upuuzi wa kipagani. Kisha ufalme uliokuwa umefutwa ukarejeshwa, Mfalme Charles II akarudi kutoka uhamishoni mwaka 1660, na mwaka 1661 ukasimamishwa hapa mlingoti wa futi 134, sawa na mita 41 hivi. Kwa amri ya ndugu yake mfalme, aliyekuwa mkuu wa jeshi la maji, kazi hiyo walipewa mabaharia, kwa kuwa wao ndio waliojua kamba na kapi. Mlingoti huo ulipochakaa na kuondolewa mwanzoni mwa karne ya 18, mwanasayansi Isaac Newton aliupata, ukapelekwa Wanstead, mashariki mwa jiji, kushikilia darubini kubwa ya kutazamia nyota.

Tangu wakati huo mlingoti wa Mei na kiti cha enzi vimekuwa vikitajwa pamoja: ulipigwa marufuku mfalme alipokuwa akipigana na Bunge, ukarudi ufalme uliporudi. Kwa sababu hiyo sikushangaa kusikia vijiji vinachagua siku za kifalme kusimamisha nguzo mpya.

Jumamosi, 6 Mei: mvua na taji

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikwenda Hyde Park, palipowekwa skrini kubwa, nikasimama kwenye nyasi zilizolowa pamoja na maelfu ya watu waliojifunika makoti ya plastiki. Mama mmoja mwenye watoto wawili aliona mwavuli wangu umegeuzwa na upepo, akanisogeza chini ya turubai lao dogo na kunipa chai kutoka kwenye chupa yake kabla hata hajaniuliza ninatoka wapi.

Ibada ilianza saa tano asubuhi katika kanisa la Westminster Abbey, na muda mfupi baada ya saa sita Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alimvika mfalme Taji la Mtakatifu Edward. Taji hilo, lenye uzito wa zaidi ya kilo mbili, lilitengenezwa mwaka 1661 kwa ajili ya kutawazwa kwa Charles II, mwaka uleule wa mlingoti wa Strand. Kwa siku mbili mfululizo nilikuwa nimeukuta mwaka huo mmoja, kwanza mtaani, kisha juu ya kichwa cha mfalme.

Treni ya jioni kutoka King's Cross hadi Leeds ilichukua saa mbili na robo. Tiketi niliinunua wiki sita kabla kwa pauni 38. Abiria aliyekaa pembeni yangu aliinunua siku hiyohiyo na kulipa zaidi ya mara mbili. Tiketi za treni za masafa marefu huko zinunuliwe mapema kila inapowezekana, na ukishanunua ile ya bei nafuu huruhusiwi kupanda treni nyingine isipokuwa uliyoichagua.

Jumapili, 7 Mei: kijijini, siku ya chakula

Jumapili mabasi ya vijijini ni machache mno. Letu la saa tatu halikutokea kabisa, na sisi wanne tuliokuwa kituoni tulisubiri karibu saa mbili. Nauli hata hivyo ilikuwa pauni mbili tu, kwa kuwa mwaka huo serikali iliweka kikomo hicho kwa safari moja ya basi karibu kote England. Dereva, alipojua ninakokwenda, alinishusha pale njia ya mguu inapoanzia badala ya kunipeleka hadi kituo kilichofuata, akanionyesha kwa kidole mnara wa kanisa uliochomoza nyuma ya miti.

Kijiji kina nyumba za mawe zipatazo sitini, zimezunguka uwanja wa majani wa pembetatu. Katikati ya uwanja, juu ya vitegemeo vya mbao, ulilala mlingoti mpya. Ulikuwa na urefu wa mita 14, mti mmoja mnyoofu wa jamii ya misonobari, uliotolewa na mwenye msitu wa jirani na kukatwa wakati wa baridi, utomvu unapokuwa mchache. Gome lilibanduliwa kwa mikono. Fundi seremala aliyeusimamia, mtu mwenye miaka kama sitini, alinipitisha ubavuni mwake kuanzia shina hadi ncha, akanionyesha kila fundo la tawi alilolilainisha kwa randa. Nilipokaribia niliona mistari ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu ikipanda kwa kuzunguka, na pale rangi ilipokuwa haijakauka vizuri, utomvu ulikuwa umechomoza kwa vitone vidogo vya rangi ya asali. Alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa na kupaka upya.

Mlingoti wa awali ulisimamishwa mwaka 1977, Malkia Elizabeth II alipotimiza miaka 25 ya utawala. Uliangushwa kwa usalama mwaka 2021 baada ya kugundulika umeoza. Fundi alinifafanulia kwamba nguzo ya mti haiozi juu, ambako jua na upepo huikausha, wala haiozi haraka chini kabisa, ambako hewa ni kidogo. Huoza pale udongo unapokutana na hewa, kwenye kipimo cha shubiri moja au mbili. Kwa hiyo safari hii sehemu hiyo ya shina aliivisha mshipi wa madini ya risasi, na shimo wakalijaza kokoto chini ili maji yapite.

Mchana huo nchi nzima ilikuwa na mlo wa pamoja wa majirani kuadhimisha kutawazwa, na kijiji kilipanga meza moja ndefu kandokando ya mlingoti. Chakula rasmi cha sherehe kilikuwa kishi, yaani ganda la unga lililojazwa mayai na jibini na kuokwa, likatiwa spinachi na maharagwe mapana. Nilipoinyoosha sahani yangu, bibi aliyekuwa akigawa alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni Mwislamu. Nilipokubali alinieleza kwamba maelekezo ya upishi yaliyotolewa yanataka mafuta ya nguruwe kwenye ganda, akaniomba nisubiri, akavuka barabara kwenda nyumbani kwake na kurudi na kishi nyingine aliyoiandaa kwa siagi kwa ajili ya mkwewe asiyekula nyama. Wasafiri wenzangu Waislamu waulize swali hilo kwa kila kitu chenye ganda. Watu wa vijijini huko hawachukizwi kuulizwa.

Mzee mmoja aliyekuwa mtoto wakati Malkia Elizabeth alipovikwa taji, tarehe 2 Juni 1953, alikumbuka kwamba siku hiyo nayo ilikuwa ya mvua. Aliposikia ninatoka Afrika Mashariki aliniuliza mara moja kuhusu Treetops, ile nyumba ya juu ya mti huko Kenya ambako binti mfalme alilala usiku baba yake alipofariki, Februari 1952. Nilimweleza kwamba iko karibu na Nyeri, mbali na kwetu, lakini kila mtoto wa rika langu aliisikia habari yake. Tukazungumza hadi meza zikakunjwa.

Nilipata chumba kwa pauni 65 kwenye nyumba ya mjane mmoja, pamoja na kifungua kinywa.

Jumatatu, 8 Mei: kuusimamisha

Ilikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa, na serikali na mashirika ya kujitolea waliwahimiza watu waitumie kwa kazi za hisani. Kwetu Tanga tungeuita msaragambo: kila nyumba inatoa mtu, na asiyeweza kubeba anapika. Saa mbili asubuhi walikuwapo watu wapatao hamsini, wengi wakiwa wamevaa glovu na kofia ngumu. Kamati ilikuwa imepata ushauri wa kukodi kreni, ambayo ingeumaliza mchezo kwa nusu saa, lakini mkutano wa kijiji uliamua kazi ifanywe kwa mikono kama mwaka 1977. Bima ya uamuzi huo, mweka hazina aliniambia, ilikula fedha nyingi kuliko rangi, kamba na chakula kwa pamoja. Zote zilichangwa kwa kuuza keki na vitabu vya mitumba tangu Novemba.

Aliyetoa amri alikuwa mama mmoja mkulima, ambaye mwaka 1977 alishika kamba akiwa msichana. Alipanda juu ya kreti, akaeleza sheria mbili tu: hakuna anayesema ila yeye, na hakuna anayeachia kamba mpaka atajwe kwa jina.

Shimo lilikuwa na kina cha mita mbili. Upande mmoja ulichimbwa mteremko ili shina liteleze kuingia, na ukuta wa mkabala wake ulikingwa kwa mbao nene za mwaloni, ili shina lisichimbe udongo na kukwama. Kamba nne ndefu zilifungwa kwenye theluthi ya juu ya mlingoti na kuvutwa pande nne. Kwanza watu waliuinua kwa mikono hadi mabegani na kusogeza kitegemeo chini yake. Kisha zikaja ngazi, nazo ndizo siri ya kazi yote. Ngazi fupi husimamishwa kwa jozi chini ya mlingoti, kidato cha juu kikiushika, na watu husukuma miguu ya ngazi kuelekea shimoni; mlingoti unapopanda, ngazi fupi hutolewa na ndefu zaidi huingizwa, jozi moja ikishikilia wakati nyingine inahamishwa. Hakuna hatua inayozidi hatua moja ya mtu.

Kijiji kinachojulikana zaidi kwa ufundi huu, Barwick-in-Elmet, hakiko mbali na Leeds. Mlingoti wao una urefu wa mita 26 hivi na mbweha wa kuonyesha upepo kileleni, na kwa desturi huteremshwa na kusimamishwa tena kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo ujuzi haupati muda wa kusahaulika. Wenyeji wangu walikuwa wamekwenda kuwauliza wazee wa huko namna ya kufunga mafundo na kupanga ngazi.

Mlingoti ulipofika nusu ya njia, mvua ilianza. Vidato vikawa vinateleza, na mama yule akaamuru kila kitu kisimame pale kilipo. Kwa muda wa kama dakika arobaini watu walisimama wakiwa wameushikilia mzigo ule angani, wakibadilishana zamu kwa majina, huku wengine wakizunguka na vikombe vya chai na kuwanywesha walioshindwa kutoa mikono. Kijana mmoja wa kamba ya nyuma alichoka bega, na jina langu likaitwa. Nilipewa glovu zake zikiwa bado na joto.

Kamba ya nyuma haina kazi mpaka mwishoni, kisha inakuwa na kazi yote. Mlingoti unapokaribia kusimama wima, uzito wake huhama ghafla kwenda mbele, na pasipo kuzuiwa ungepitiliza na kuangukia upande wa pili. Mvua ilipopungua na ngazi ndefu kusukuma kwa mara ya mwisho, nilisikia shina likikwaruza mbao za mwaloni, likaguna mara moja na kutua kwenye kokoto, na wakati huohuo kamba yangu ikakaza kama chuma. Tulikuwa watu wanane juu yake. Mbele yangu alikuwa msichana wa chuo aliyekuwa ameniambia asubuhi kwamba yeye binafsi haoni haja ya kuwa na mfalme. Alikuwa ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, visigino vimezama kwenye majani. Nilipomuuliza baadaye, alijibu kwamba mlingoti ni wa kijiji na bibi yake alishika kamba ya aina hiyo. Ninaamini jibu lake linawaeleza wengi wa waliokuwapo: mfalme aliwapa tarehe, wao wakatoa sababu.

Watu wawili walisimama na timazi, kila mmoja upande wake, wakaelekeza kwa ishara za mikono hadi uzi na mlingoti vikalingana. Mawe makubwa yakapangwa kuzunguka shina, kabari za mwaloni zikagongwa, udongo ukashindiliwa kwa mitaimbo tabaka kwa tabaka. Kijana mpogoa miti alipanda kwa mkanda wa usalama, akafungua kamba na kulinyoosha taji la mbao lililopakwa dhahabu kileleni. Chini, kwenye usawa wa macho, wamechonga CIIIR, alama ya mfalme mpya, pamoja na mwaka 2023, na kando yake kibao cha shaba kilichotolewa kwenye nguzo ya 1977.

Watoto kumi na wawili wa shule walicheza saa tisa, kodiani na fidla zikipiga chini ya turubai. Kila mtoto hushika utepe uliofungwa juu. Nusu huzunguka kulia na nusu kushoto, wakipishana mmoja kwa juu na mwingine kwa chini, na tepe hujisuka kwenye mlingoti mithili ya ukili. Kisha hugeuka na kuufumua msuko wote. Namna hii ya kucheza kwa tepe ilienea Uingereza katika karne ya 19, hasa kupitia walimu wa shule, na mwalimu aliyewafundisha watoto hawa alisema kosa la mtoto mmoja katika mzunguko wa pili huonekana tu katika mzunguko wa sita, wakati wa kufumua. Lilitokea kweli. Walisimama, wakatafuta utepe uliokosea, wakaurudisha, uwanja mzima ukawapigia makofi.

Jumanne, 9 Mei: Wellow

Kwa kuwa nilikuwa narudi kusini, nilipitia Wellow, kijiji cha Nottinghamshire kando ya msitu wa Sherwood. Nilibadilisha treni Doncaster, nikashuka Retford, nikapanda basi hadi Ollerton kwa pauni mbili zilezile, kisha nikatembea kilomita mbili hivi. Mlingoti wa Wellow husimama mwaka mzima, nao una historia ya kifalme: mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, bwana mmoja mwenye ardhi alikitunukia kijiji mti wa Sherwood kwa ajili hiyo. Ule wa sasa, wa mita 18 hivi, ni wa chuma, uliowekwa mwaka 1976 baada ya miti kadhaa kuoza na kubadilishwa. Ni mzuri na hauhitaji kuteremshwa. Hata hivyo, baada ya niliyoyaona jana yake, niliona kijiji chenye nguzo isiyooza kimekosa kitu ambacho kile cha Yorkshire kitalazimika kukifanya tena vijana wake wakiwa wazee. Anayetaka kuona ngoma za hapo aje Jumatatu ya mapumziko ya mwisho wa Mei.

Baada ya kurudi

Mwezi wa Juni yule fundi seremala alinitumia picha. Udongo ulikuwa umejipanga na mlingoti ukaegemea mashariki kwa upana wa vidole viwili. Waliita watu kumi Jumamosi moja, wakafukua hadi kwenye kabari, wakafunga kamba upya na kuunyoosha. Mchoro wa mafundo na orodha ya walioshika kila kamba, jina langu likiwemo, wameviweka kwenye kabati la kanisa, pamoja na mbao za mwaloni za shimo, kwa ajili ya watakaousimamisha ujao.